Siku kumi na tatu na Panzi: Mbeya hadi Nairobi

Tumerudi Mbeya wiki tatu sasa. Daftari la safari lina madoa ya mafuta ya samaki na kurasa mbili zimegandana, lakini picha kwenye simu zina saa zake, kwa hiyo nimeweza kuipanga safari upya siku baada ya siku. Naiandikia timu nyingine ya wanafunzi itakayotaka kubeba gari lake kwenda kushindana mbali. Sisi tulitafuta maelezo ya namna hii kabla ya kuondoka, tukakuta maelezo mengi ya namna ya kujenga gari na hakuna ya namna ya kulifikisha.

Panzi ni kigari cha umeme cha mtu mmoja. Ana magurudumu matatu ya rimu za baiskeli, mawili mbele na moja nyuma, fremu ya mabomba membamba ya chuma, na bodi ya faiba tuliyoipaka kijani. Ana kilo 58 bila dereva. Mashindano yenyewe ni ya kutumia nishati kidogo: unazunguka uwanja idadi fulani ya mizunguko ndani ya muda uliowekwa, kisha inahesabiwa ungefika kilomita ngapi kwa uniti moja ya umeme. Tulikuwa wanafunzi saba, mwalimu wetu mmoja, na dereva wa lori dogo la Canter ambaye sote tulimwita Mzee.

Kabla ya kuondoka: kufunga mzigo

Canter tulikodi kwa shilingi 2,200,000, mafuta juu yetu. Gari la pili, Toyota Noah ya kubeba watu, ilikuwa ya mzazi wa mwenzetu, hatukulipia kitu ila petroli. Ilibidi yawe magari mawili kwa sababu kabini ya Canter inachukua watatu, na Mzee alisema wazi kwamba hapandishi mtu nyuma pamoja na mzigo, hata kwa kilomita moja. Alikuwa sahihi na hatukubishana naye.

Panzi tulimsimamisha juu ya magurudumu yake matatu katikati ya bodi ya Canter, tukaweka tairi chakavu pande zote, tukamfunga kwa kamba za manila na kumfunika turubai. Betri ya lithiamu tuliitoa, tukaiacha na chaji ya karibu nusu tu, tukaiweka kwenye sanduku la chuma ndani ya Noah. Hilo la betri tulilifanya vizuri. Lile la magurudumu nitalifikia.

Siku ya 1, Jumatatu: Mbeya – Makambako – Iringa (kama km 330)

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Agosti ikiuma. Kuanzia Uyole barabara ni ile ile ya malori ya Zambia na Kongo, na ukiwa na mzigo dhaifu unaanza kuitazama kwa jicho jingine kabisa. Lami ni nzuri. Shida ni matuta. Kila kijiji kina matuta makubwa na yale madogo madogo yanayofuatana, ambayo abiria wa basi huyasikia kama mtetemo wa meno. Mwenzetu mmoja alianza kuyahesabu, akafika 60 na ushee kabla ya Igawa, akaacha. Mzee aliyapanda yote taratibu, lakini hata taratibu ni kupanda.

Makambako tulifika saa nne na nusu, upepo unavuma kama kawaida yake. Baada ya kupita mizani tukafungua turubai kukagua. Mkono unaoshika gurudumu la nyuma ulikuwa na ufa. Haukuwa umekatika, lakini ufa ulizunguka nusu ya bomba, pale pale tulipochomelea chuoni. Kapteni wetu alikaa chini kwenye kokoto. Tulikuwa tumesafiri kilomita 170 katika 1,300.

Mzee ndiye aliyemjua fundi. Nyuma ya safu ya gereji za malori kuna kibanda cha mabati, na ndani yake alikuwepo mzee wa makamo, miwani ameisukuma hadi kwenye paji la uso. "Kamwene," akatusalimu, nasi tukaitikia, kisha tukamtolea shikamoo juu yake. Alilipapasa bomba, akaligonga kwa kucha, akauliza, "Nani alichoma hapa kwa umeme?" Nikasema mimi. "Bomba jembamba hivi, umeme unalipika pembeni, linakuwa kavu. Likitikiswa linapasuka kando ya kidonda, si kwenye kidonda chenyewe." Tulipotazama tena, kweli: ufa ulikuwa milimita mbili kando ya mshono wetu, na mshono wenyewe ulikuwa mzima.

Aliwasha mtungi wa gesi, akaliunga kwa shaba. Alilipasha bomba polepole hadi likawa jekundu la kufifia, kisha shaba ikatiririka yenyewe kuingia kwenye ufa kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Akaongeza kipande cha bomba kubwa juu yake kama bandeji. Dakika arobaini. Alitutoza 5,000, ambayo ni bei ya kijiti cha shaba, na tulipomsogezea 20,000 akachukua noti moja tu ya 5,000 na kutuambia nyingine tukanywee chai.

Wakati huo dereva mmoja wa lori la shaba lililokuwa linateremka kwenda Dar alikuja kutazama. Alituuliza tunajuaje kama nati zetu hazijalegea. Tukamwambia tunazikaza kila jioni. Akatuita kwenye lori lake. Kwenye kila nati ya gurudumu kulikuwa na kijimshale cha plastiki cha njano, na mishale imepangwa inaelekeana, wawili wawili. "Nati ikijizungusha hata kidogo, mshale unageuka. Nikisimama sishiki spana. Naizunguka gari mara moja, naangalia, naondoka."

Hatukuwa na mishale ya njano. Dada anayeendesha Panzi, ambaye ndiye mwepesi kuliko sote, alikuwa na chupa ya rangi ya kucha nyekundu kwenye mkoba. Tulitumia saa nzima kuchora mstari kwenye kila nati, mstari unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye fremu. Nati 112. Kuanzia hapo hadi Nairobi, ukaguzi uliokuwa unatuchukua dakika arobaini na tano ukawa wa dakika tano, kwa tochi ya simu.

Makambako hadi Iringa sina la kusimulia: misitu ya misonobari ya Mafinga, mizani nyingine, tukafika giza limeingia. Vyumba vitano vya gesti, 20,000 kila kimoja. Omba blanketi la pili mapema, hukawii kukuta yameisha.

Siku ya 2, Jumanne: Iringa – Mtera – Dodoma (kama km 260)

Asubuhi nati nne mistari yake ilikuwa imekatika. Zote nne zilikuwa za upande mmoja, pale mota inaposhikiliwa. Tungezikaza kwa spana bila kujua tusingegundua kwamba tatizo ni mahali, si nati. Tukaweka nati zenye plastiki ndani na kuchora upya.

Njia ya Iringa kwenda Dodoma kupitia Nduli na Izazi ni nzuri na tulivu, malori machache. Wanaotoka nyanda za juu kwenda Arusha siku hizi hawana haja ya kuzunguka Chalinze. Unaanza kwenye baridi, unateremka, na kadiri unavyoteremka unavua nguo moja moja: Isimani sweta, Izazi shati la juu. Mibuyu ikianza kuonekana ujue Mtera iko karibu.

Noah ilipata pancha kabla tu ya bwawa, na tairi ya akiba ilipofunguliwa ikawa haina upepo. Hilo ni kosa letu, hatukuikagua Mbeya. Saa saba mchana, jua la utosi. Kijana wa bodaboda alisimama bila kuitwa, akaifunga tairi nyuma ya pikipiki yake, akaondoka nayo yeye peke yake kuelekea Mtera. Mwalimu alinong'ona kwamba tungemsindikiza na mtu. Baada ya dakika hamsini alirudi, tairi imezibwa, risiti ya 3,000 imeandikwa kwenye kipande cha boksi la sigara. Kwa usafiri alisema tumpe tunachoweza. Tulimpa 10,000.

Mtera tulikula kwa mama anayekaanga samaki kando ya barabara. Perege mzima na ugali, 5,000, na kivuli cha bure. Alimtazama Panzi chini ya turubai, akauliza, "Wanangu, kidudu chenu hiki kinakula nini?" "Umeme, mama." Akaelekeza kidole kwenye ukuta wa bwawa: "Basi mngekiacha hapa, chakula chake ndicho hicho." Mwenzetu wa umeme alimweleza kwamba mitambo ya pale ina uwezo wa megawati 80, na kwamba Panzi anatumia chini ya pasi ya nguo. Mama alilipenda sana hilo la pasi, akawaita wenzake waje kulisikia.

Juu ya ukuta wa bwawa usitoe simu kupiga picha. Ni eneo lenye ulinzi na hakuna sababu ya kuwatafuta askari. Bwawa lilionekana vizuri kwa macho, na mibuyu iliyokufa imesimama majini.

Dodoma saa moja usiku.

Siku ya 3, Jumatano: Dodoma – Kondoa – Babati (kama km 250)

Hii ndiyo siku iliyobadilisha safari yetu, na ilianza kwa spoku moja iliyopinda. Nililichukua gurudumu la mbele la kulia nikalipeleka kwa fundi wa pikipiki mtaa wa pili kutoka gesti, kijana mwenye umri wangu. Aliinyoosha spoku kwa dakika tano, akalizungusha gurudumu kulipima. Halafu hakunirudishia. Alilishika ekseli kwa vidole viwili, akaanza kulizungusha polepole sana, macho amefumba.

"Beringi hii ina ngazi," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, ni mpya, haijatembea hata kilomita ishirini. Akanipa nijaribu. Ukizungusha kwa kasi husikii kitu. Ukizungusha polepole, vidole vinasikia: tak, tak, tak, kama mtu anashuka ngazi ndogo ndogo. Tukaifungua. Kwenye njia ya mipira, yaani gololi za chuma, kulikuwa na alama za kijivu, zimepangwa kwa umbali sawa, na umbali huo ulikuwa ule ule wa mpira na mpira.

Nilikumbuka darasani. Beringi inayozunguka hujipaka grisi yenyewe kila mzunguko. Beringi iliyosimama ikitikiswa, kila mpira unagonga mahali pale pale maelfu ya mara, grisi inasukumwa pembeni, chuma kinasugua chuma, na vijishimo vinachimbika. Magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni huko Marekani miaka ya 1930 yalifika na beringi zimeharibika kabla ya kuendeshwa na mtu yeyote. Tulifundishwa hilo na nililijibu kwenye mtihani. Na bado nilimsimamisha Panzi juu ya magurudumu yake, uzito wote kwenye beringi, nikamtikisa kilomita 600.

Miezi minane tulibuni gari la kuzunguka uwanja laini kwa dakika thelathini. Tulipima uzito wa kila bolti na kubishana juu ya gramu. Hakuna hata mmoja wetu aliyechora mchoro mmoja wa safari ya kulifikisha uwanjani, na safari ndiyo kazi ngumu kuliko zote ambazo gari lile litafanya maishani mwake. Hilo bado linaniuma.

Yule fundi alikataa hela ya beringi, akachukua 2,000 ya spoku. Alitushauri kitu rahisi: "Toeni magurudumu yote. Gari likae kwa tumbo." Tukanunua godoro la sponji la inchi nne kwa 45,000, tukalikata, tukamlaza Panzi kwa fremu yake juu ya sponji, na magurudumu matatu tukayalaza kwenye kipande kilichobaki ndani ya Noah, kati ya miguu ya watu watatu waliovumilia hivyo hadi Nairobi.

Tuliondoka Dodoma saa sita. Barabara ya Mayamaya, Mela hadi Bonga ambayo wazee wetu wanaisimulia kwa vumbi na siku mbili za kukwama sasa ni lami tupu. Kolo tulipita bila kusimama na najuta. Pale ndipo penye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Wewe ukipita na una nusu siku, ingia. Baada ya Kolo barabara inapanda milima kwa kona kali, hewa inapoa, na Mzee alishuka gia hadi ya pili. Babati tulilala gesti ya 15,000, safi kuliko ya Dodoma, tukala chipsi mayai na mishkaki. Nati zote salama.

Siku ya 4, Alhamisi: Babati – Arusha (kama km 170)

Siku fupi kwa makusudi. Minjingu, Makuyuni, ng'ombe wa Wamasai barabarani, tochi za trafiki za kupima mwendo kila penye kibao cha hamsini. Hamsini ni hamsini, usijaribu. Arusha tulifika mchana, tukalipeleka Noah kubadilishwa oili, tukapiga picha mnara wa saa ambao watu husema ni katikati ya Cape Town na Cairo. Jioni tulipaswa kukamilisha makaratasi ya mpakani. Tulikuwa tumechoka, tukasema yametosha. Hayakutosha.

Siku ya 5, Ijumaa: Arusha – Namanga – Nairobi (kama km 275)

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani, saa mbili tuko Namanga. Kituo ni cha pamoja tangu 2018, nchi mbili chini ya paa moja, kwa hiyo watu tulimaliza ndani ya nusu saa. Wanne tulikuwa na pasipoti, wengine hati za dharura za kusafiria, wote tukagongewa mihuri.

Tahadhari moja: utasikia watu wanataja "kadi ya njano" mara mbili na ni vitu viwili tofauti. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ni ya mtu. Nyingine ni bima ya COMESA, ni ya gari. Zitunze zote mbili mahali pamoja, na chanja angalau siku kumi kabla, maana chanjo huhesabiwa halali baada ya siku hizo.

Panzi ndiye aliyekwama. Ofisa wa forodha, mtu mpole, alifunua turubai na kuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la pamoja: "Hili ni gari?" Kapteni akasema ndiyo, mimi nikasema hapana, kwa wakati mmoja. Likiwa gari, linahitaji usajili na namba ya chesisi. Likiwa kifaa cha maonyesho kinachoingia kwa muda na kutoka, linahitaji orodha ya vitu vyote, thamani yake, barua ya chuo na barua ya waandaaji. Barua ya chuo tulikuwa nayo, ya waandaaji ilikuwa kwenye simu, orodha haikuwepo.

Saa nne kasoro hadi saa nane mchana. Aliyetuokoa ni dada mmoja wakala wa forodha ambaye alikuwa anasubiri malori yake ya vitunguu. Alituona tumekaa kwenye ukingo na daftari, akaja, akauliza, akatoa kompyuta yake. Tulishusha kila kitu tukakiorodhesha: vitu 47, kuanzia mota hadi jeki. Yeye aliandika, akatufundisha kutaja thamani ya kweli na kuweka namba za mtambo pale zilipo, akatupeleka kuchapa, akasimama nasi kwenye foleni. Tulipomuuliza anatutoza nini, akasema ana mdogo wake anasoma ufundi Moshi. Basi.

Kwa anayefuata: andaa orodha hiyo nyumbani, nakala nne, kila moja na picha ya gari na muhuri wa chuo. Andika juu kabisa "kifaa cha mashindano ya wanafunzi, kitarudi". Na kubalianeni kabla ya kufika mpakani nani ataongea.

Ng'ambo ya pili tambarare ya Kajiado ilipita haraka, na Bissil tulisimama kunywa chai ya maziwa nzito na chapati. Kitengela foleni ikatushika saa mbili nzima. Tulifika Nairobi tumbo tupu na furaha tele, saa tatu usiku.

Siku ya 6, Jumamosi: Kirinyaga Road

Tulihitaji beringi sita namba 6001. Kila tuliyemuuliza alitaja Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri. Nendeni asubuhi, na mkoba mbele. Duka la tatu alikuwepo mama wa Kikuyu aliyetupanga kwanza kwa maswali: za nini, zitabeba kilo ngapi, zitazunguka kwa kasi gani. Alipojua ni za mashindano alirudisha ndani boksi alilokuwa ametoa. "Hizo ni za mkokoteni. Ngojeni." Akatoa zenye kifuniko chepesi cha chuma, 300 za Kenya kila moja, akatupunguzia hadi 250. "Nyinyi Watanzania mnaomba kwa adabu hadi mtu anaona haya kukataa," akasema.

Tulifunga beringi mpya usiku huo, uani kwa mwenyeji wetu. Gurudumu la mbele tulilizungusha kwa mkono, tukaacha. Lilizunguka dakika tatu na sekunde kumi. Lile lenye ngazi, kabla hatujalifungua, lilikuwa limezunguka sekunde arobaini.

Siku ya 7 hadi ya 9: uwanjani

Ukaguzi: breki kwenye mteremko, swichi ya kukata umeme ndani na nje, honi, dereva kutoka ndani ya sekunde kumi. Dada yetu alitoka kwa saba. Mkaguzi mmoja aliinama akaangalia mistari myekundu kwenye nati, akauliza nani katufundisha, kisha akaita wenzake. Tulimwambia: dereva wa lori, Makambako.

Tulikuwa na majaribio matatu. La kwanza cheni ilichomoka mzunguko wa nne. La pili tulimaliza mizunguko yote lakini tukapitiliza muda kwa sekunde ishirini na sita, na matokeo hayahesabiwi. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Asubuhi ya tatu dada aliomba tusimpigie simu wala kumpungia mkono, tumwache na saa yake. Aliachia umeme kila alipokaribia mteremko, akateleza, akauwasha tena kwenye kupanda tu. Alimaliza akiwa na sekunde kumi na nne mkononi.

Kilomita 96 kwa uniti moja. Timu iliyoshinda ilipita mara mbili ya hapo. Sisi tulikuwa wa saba kati ya kumi na mbili, na mkono wa gurudumu la nyuma, ule wa shaba na bandeji, haukuwa na hata mkwaruzo.

Siku ya 10 hadi ya 13: kurudi

Njia ile ile. Namanga dakika hamsini, kwa orodha ile ile. Mtera tulikula kwa mama yule yule na kumwonyesha video.

Hesabu kwa wanaohitaji: kukodi Canter 2,200,000, dizeli 1,340,000, petroli 850,000, malazi 1,050,000 (Nairobi tulihifadhiwa kwa mtu), chakula 980,000, bima, vibali na mafundi 410,000. Jumla 6,830,000 kwa watu tisa. Tulikuwa tumepanga milioni sita, zilizopungua tulichangishana Arusha.

Mafinga tulinunua mbao sita za msonobari na kuzifunga kando ya Panzi, kwa ajili ya sanduku la magurudumu. Makambako tukasimama kwa fundi. Alipitisha kidole gumba juu ya kiungo chake, mara moja, akaridhika, hakukitazama tena. Kilichomvuta ni zile mbao. Nikamchorea sanduku kwenye vumbi kwa kijiti: urefu, upana, sponji chini na juu. Alichukua kijiti mkononi mwangu, akaongeza mishikio miwili kila upande, si mmoja, kwa sababu, alisema, mwenye kubeba peke yake atalibeba likiwa limeinama.

Michoro hiyo iko kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Sanduku tunaanza kulipiga misumari Jumamosi.